Kwa nini nilichukua, hali nilijua?

Mweka Hazina aliandika:

Bwana Yesu asifiwe wapendwa.

Nina swali, na naomba mnivumilie maana siwezi kuliuliza bila kueleza lilikotoka. Nimesoma mengi kuhusu majaribu na karibu yote yanaishia kwenye "omba sana". Nimeomba. Ninachotaka kujua ni hiki: kwa nini mtu anayelijua Neno, anayeipenda kazi ya Mungu, na ambaye hakuna aliyemshikia kisu, anaanguka? Sizungumzii mchanga wa imani. Najizungumzia mimi.

Nimekuwa mweka hazina wa kwaya kwa miaka 11. Fedha zetu si nyingi: michango ya kila mwezi, sadaka tunazopewa tukialikwa kuimba, na za sare. Zinakaa kwenye sanduku la bati lenye kufuli, nyumbani kwangu, juu ya kabati.

Mwaka jana mshahara wangu ulichelewa miezi miwili na ada ya mtoto ilikuwa inadaiwa. Jumanne moja usiku nikateremsha sanduku nihesabu fedha za sare. Nilihesabu mara mbili. Mara ya pili nilikuwa sihesabu tena za sare, nilikuwa nahesabu ada. Nikachukua. Ijumaa nikarudisha zote, hadi sarafu ya mwisho. Usiku ule nililala vizuri sana, na hicho ndicho kinachonitisha nikikumbuka. Nilijiona mwaminifu kuliko kabla sijachukua.

Mara ya pili nilikaa wiki tatu ndipo nikarudisha. Mara ya tatu nikarudisha nusu. Kabla ya mara ya nne nilifunga siku tatu, nikimsihi Mungu aniondolee wazo hili kabisa. Siku ya tatu jioni, nimeshakula, nimeshamshukuru Mungu kwa kunifikisha, nikachukua. Na safari hiyo niliandika daftarini: "Matengenezo ya kinanda." Kinanda chetu hakijawahi kupelekwa kwa fundi.

Wiki mbili zilizopita mpiga kinanda wetu, kijana mdogo mwenye adabu zake, aliliona daftari likiwa wazi wakati wa mazoezi. Akaniuliza, "Mzee, fundi alikuja lini? Kuna kitufe kinakwama, ningemwonyesha." Nikamjibu, "Alikuja siku ambayo hukuwepo." Akasema, "Haya, Mzee," akaendelea kupiga. Aliniamini palepale. Sijawahi kuumia kwa kuaminiwa namna ile.

Paulo anasema, "Kwa maana lile jema nilipendalo, silitendi, bali lile baya nisilolipenda ndilo nilitendalo" (Warumi 7:19). Mstari huo nimewafundisha vijana. Sasa nauliza nikiwa ndani yake: ni nini hasa kinachotokea pale? Ni Shetani? Ni mwili? Ni shida? Kama ni shida, mbona wapo wenye shida kunizidi na mikono yao ni safi?

Naomba msiniambie kwamba Mungu anasamehe. Najua anasamehe. Nataka kuelewa.

Shujaa wa Maombi aliandika:

Amina mtumishi. Hiyo ni vita ya kiroho moja kwa moja. Adui huwalenga walio karibu na madhabahu. "Mshitaki wenu Ibilisi, kama simba angurumaye, huzunguka-zunguka, akitafuta mtu ammeze" (1 Petro 5:8). Siku tatu zilikuwa chache. Funga saba, usiku uamke uombe, ukemee roho ya wizi ikuachie. Utashinda.

Mweka Hazina aliandika:

Asante ndugu, nimepokea. Naamini Shetani yupo. Lakini "Matengenezo ya kinanda" ni mwandiko wangu. Nilitafuta hata kalamu ya rangi ileile ya mistari ya juu ili usionekane mstari mpya. Siwezi kumwachia Shetani kazi niliyoifanya kwa uangalifu kiasi kile.

Bibi wa Safu ya Nyuma aliandika:

Nina miaka 67, kwa hiyo niruhusu nikuite mwanangu.

Mimi nilikunywa kwa siri miaka 9, nikiwa mwalimu wa shule ya Jumapili. Chupa ilikaa ndani ya buti la mvua la marehemu mume wangu, nyuma ya mlango wa chumbani. Nilipoacha, na hata sasa, watu huniuliza, "Ulikuwa unashindwaje kuikataa?" Wanadhani vita ilikuwa mbele ya lile buti. Mwanangu, mbele ya buti hapakuwa na vita yoyote. Nilipofika pale nilikuwa nimekwisha kukubali tangu asubuhi, nilipompangia binti yangu safari ya kwenda kwa shangazi yake ili nyumba ibaki tupu. Mtoto kwenda kwa shangazi yake si dhambi. Hakuna mchungaji ambaye angenikemea kwa hilo, na mimi mwenyewe nilijiambia anahitaji kubadilisha hewa. Lakini aliyempangia ile safari ni kiu yangu.

Tunasoma Yakobo 1 haraka mno. "Lakini kila mmoja hujaribiwa na tamaa yake mwenyewe huku akivutwa na kudanganywa. Halafu ile tamaa ikiisha kuchukua mimba huzaa dhambi." Mimi nimezaa wanne, na neno "mimba" kwangu lina uzito. Mimba haina kelele mwanzoni. Unakwenda nayo kanisani, unaimba nayo, unapika nayo, hakuna anayeiona, na ukitaka unaweza kujiambia kwamba huna. Usiku wa uchungu ndipo watu hukimbizana. Sisi tukianguka tunashangaa usiku ule wa uchungu, kana kwamba mtoto ameingia kwa dirishani.

Kwa hiyo mimi siulizi kwa nini ulichukua Jumanne. Nauliza ulipata mimba lini.

Na kuhusu saumu yako, nitakwambia ninavyoona, ukiona nimekosea nivumilie. Ulimwomba Mungu aondoe wazo, lakini sanduku liliendelea kukaa juu ya kabati siku zote tatu na ufunguo mfukoni mwako. Mimi pia nilimwomba Mungu aniondolee kiu huku nikijua kabisa kiasi kilichobaki ndani ya chupa. Mtazame Yusufu, Mwanzo 39. Mke wa bwana wake alimsemesha siku baada ya siku, na Maandiko yanasema Yusufu hakukubali kulala naye wala hata kukaa naye. Hilo la pili ndilo tunaloliruka. Kisha ile siku ya hatari aliacha vazi lake mkononi mwa mwanamke akakimbia nje. Hakubaki chumbani kuomba apewe nguvu.

Sisemi maombi ni bure. Nisingekuwa hai bila maombi. Nasema kuna maombi ambayo ni njia ya kuendelea kukaa chumbani.

Sasa nikuulize jambo moja, na usipopenda usijibu hapa. Nimewahi kushika fedha za akina mama. Sanduku letu lilikuwa na makufuli mawili, kila kufuli na mtu wake, ili pasiwe na anayelifungua peke yake. Wewe umesema "kufuli". La pili liko wapi?

Mweka Hazina aliandika:

Bibi, nimesoma swali lako jana saa nne usiku, nikazima simu. Nimeshindwa kulala.

Sanduku lina makufuli mawili. Sikudhamiria kuficha nilipoandika moja. Au labda nilidhamiria, sijui tena.

Ufunguo wa pili alikuwa nao dada mmoja wa sauti ya pili. Alihamishwa kikazi. Siku ya kumuaga alinipa ufunguo ndani ya bahasha, akasema, "Mpe mwenyekiti amchague mwingine." Nikasema sawa. Bahasha nikaiweka ndani ya Biblia yangu ile kubwa, nisije nikaisahau.

Jumapili iliyofuata, mwisho wa mazoezi, mwenyekiti aliuliza kama kawaida yake, "Kuna jambo jingine?" Biblia ilikuwa mapajani mwangu na bahasha imo ndani, ncha yake inaonekana. Nikanyamaza. Nikajiambia watu wamechoka, nitamwambia wiki ijayo. Wiki ijayo ikawa hivyohivyo. Imepita miezi mingi sasa na hakuna aliyeuliza, kwa sababu mimi ndiye mtu ambaye hakuna anayemuuliza.

Hapa ndipo niliposhindwa kulala: siku ile sikuwa na shida yoyote. Mshahara ulikuwa unaingia kwa wakati na ada ilikuwa imelipwa. Wazo la kuchukua halikuwepo kabisa, naapa. Lakini nakumbuka, na sijawahi kulitamka hili, kwamba kunyamaza kule kulikuwa na utamu fulani. Kama mtu aliyeokota kitu njiani na bado hajaamua kama atakitangaza.

Kwa hiyo umeuliza mimba ilikuwa lini. Ilikuwa Jumapili ile, miezi minne kabla ya shida yangu ya fedha.

Msomaji Mpole aliandika:

Ndugu Mweka Hazina, nimekuwa nasoma kimya. Nitaongeza jambo na nitampinga Bibi kidogo, kwa heshima zote.

La kuongeza. Katika mstari alioutaja Bibi, neno lililotafsiriwa "kudanganywa" kwa Kigiriki ni *deleazo*, na limetokana na neno la chambo. Ni lugha ya wavuvi na wawindaji. Samaki hafuati ndoana, anafuata chakula, na chakula kile ni chakula kweli. Tukisahau hilo tunajieleza vibaya. Ada ya mtoto ni jambo jema. Mkate ni jambo jema: Mathayo 4 inasema waziwazi kwamba baada ya siku 40 Yesu aliona njaa, na jaribu la kwanza lilikuwa mkate, wala si kitu kichafu. Alichokataa ni kujitwalia mwenyewe kile ambacho ni cha Baba kutoa. Habari hiyo ya majaribu inaisha kwa malaika kuja kumtumikia.

Kuna mtawa aliyeitwa Evagrius, aliyeishi jangwani Misri na kufa mwaka 399. Alikaa miaka akichunguza jinsi mawazo yanavyomjia mtu aliye peke yake, akayapanga mawazo mabaya katika makundi 8. Baadaye, karne ya 6, Papa Gregori Mkuu aliyapanga upya, na huko ndiko ilikotoka ile orodha ya dhambi 7 tunayoisikia. Kuhusu kupenda fedha, nilitegemea Evagrius aseme juu ya dhahabu na anasa. Hakusema hivyo. Anasema wazo la kupenda fedha humwonyesha mtu uzee mrefu, mikono isiyoweza tena kufanya kazi, njaa itakayokuja, magonjwa, na mwishoni aibu kubwa ya kupokea mahitaji yako kutoka kwa wengine.

Hilo la mwisho, ndugu yangu. Hukutuambia ulimwomba nani msaada ulipokosa mshahara. Naona hukumwomba yeyote. Pengine uliona ni nafuu kuchukua kwa siri kuliko kupokea mbele ya watu.

Huyohuyo Evagrius anasema kwamba mawazo kutujia au kutokutujia si jambo lililo katika uwezo wetu, lakini yakae au yasikae, hilo liko kwetu. Naona linakusaidia kwenye swali lako la Shetani au mwili. Anayebisha hodi anaweza kuwa mwingine, lakini anayevuta kiti na kusema "karibu" ni mwenye nyumba.

Sasa la kumpinga Bibi. Mfano wako wa kiu, na swali la mimba, vinaweza kumfanya mtu aamini kwamba nyuma ya kila anguko kuna njaa fulani iliyofichwa, na kwamba tukiilisha njaa ile hatutaanguka. Agostino, yule mwalimu wa Kanisa la kale, anakataa. Alipokuwa na miaka 16, yeye na wenzake waliiba mapeasi ya jirani usiku. Hawakuwa na njaa. Kwao alikuwa na mapeasi mazuri kuliko yale. Waliyatupia nguruwe. Miaka mingi baadaye, akiwa askofu, bado linamsumbua sana hilo, kwa sababu hakuona chambo chochote. Alichokipenda ni kule kufanya lisiloruhusiwa. Na anasema angekuwa peke yake asingefanya.

Nalisema hili kwa sababu ya ule "utamu fulani" wa Jumapili. Ule haukuwa wa shida, Mweka Hazina. Shida ilikuja baadaye ikakuta mlango umeshafunguliwa na mtu asiye na njaa.

Bibi wa Safu ya Nyuma aliandika:

Msomaji, hunipingi, unanimalizia. Nilianza kunywa kabla mume wangu hajafa. Watu wote wananionea huruma wakidhani ni msiba, nami nimewaacha waamini hivyo kwa miaka. Si msiba. Msiba ulinipa sababu nzuri ya kuwaambia watu. Sikuwahi kuliandika hili mahali popote, na sasa nimeliandika.

Nuru na Iwe aliandika:

Wapendwa, nisameheni, nitaongea wazi. Mazungumzo ni mazuri ila naona tunamsaidia ndugu yetu kuelewa sana na kutubu kidogo.

Fungua Yoshua 7. Akani, Mwisraeli mmoja, alichukua kwa siri katika nyara za Yeriko zilizokatazwa: joho zuri la Shinari, shekeli 200 za fedha, na kabari ya dhahabu ya uzani wa shekeli 50. Aliviona, akavitamani, akavitwaa, kwa mpangilio uleule wa Hawa kwenye Mwanzo 3: akaona, akatwaa. Akavifukia hemani mwake. Kwa sababu yake, watu kama 36 waliuawa vitani huko Ai, watu wasiojua lolote kuhusu joho. Kisha Yoshua akawaleta Israeli mbele: kwanza makabila, kisha jamaa, kisha nyumba, kisha mtu mmoja mmoja. Hatua nne. Akani alisimama pale akiona duara linamkaribia, na hatua zote alikaa kimya. Alikuja kukiri akiwa amebaki peke yake. Alijieleza vizuri kabisa, kwa hesabu na uzani, na mahali alipovificha. Lakini muda ulikuwa umepita.

Hukumu ya siku zile si ya kuitolea mfano leo, sizungumzii mawe. Nazungumzia zile hatua nne. Wewe umeshapita hatua ngapi?

Tena hata dhambi ya Daudi, 2 Samweli 11, ilianza kwa kutazama kutoka juu ya dari lakini haikuishia pale. Alituma mtu aulize, akaambiwa kabisa huyu ni mke wa Uria. Lile lilikuwa onyo, akalipita. Akajaribu kumrudisha Uria nyumbani kufunika. Iliposhindikana akaandika barua ya kumuua, na aliyeibeba ni Uria mwenyewe. Wewe pia una barua uliyompa mtu aibebe. Yule kijana anapiga kinanda chenye kitufe kinachokwama huku akiamini kimetengenezwa. Labda anadhani yeye ndiye hajui kupiga.

Unatueleza sisi tusiokujua jina wala sura. Asante kwa kutuamini, lakini huku ni kuungama gizani. "Ungamaneni dhambi zenu ninyi kwa ninyi" (Yakobo 5:16): wenyewe kwa wenyewe, watu wanaoonana macho. Mkeo anajua?

Mweka Hazina aliandika:

Hajui.

Shujaa wa Maombi aliandika:

Nimerudi kusoma kuanzia juu. Nilikuambia uongeze saumu kabla hata sijasoma habari ya kinanda mpaka mwisho. Nisamehe, Mzee. Nakuombea usiku huu, na safari hii siombi uondolewe wazo. Naomba upate ujasiri wa kufungua mdomo.

Mweka Hazina aliandika:

Siku nne zimepita. Naandika kwa sababu mlinibeba, na si vizuri kuwaacha njiani.

Nuru na Iwe, nilikukasirikia siku nzima. Hasa hilo la kijana kudhani yeye ndiye hajui kupiga. Kisha jioni, kwenye mazoezi, nilimwangalia vidole. Kuna mahali kwenye wimbo anakiruka kile kitufe kinachokwama, anazunguka kwa kutumia cha jirani yake, na kila akizunguka uso wake unajikunja kama anayejilaumu. Sikuweza kuimba ubeti uliofuata.

Nilimwambia mama watoto usiku uleule. Nilianza na bahasha, kwa sababu sasa najua huko ndiko pa kuanzia. Nilidhani atalia au atapiga kelele. Alikaa kitandani akasikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali moja: "Kwa nini hukuniambia kuhusu ada?"

Nikamweleza habari za yule mtawa wa jangwani, ile aibu ya kupokea. Akatikisa kichwa. Akaniuliza kama nakumbuka dada yake alipiga simu. Nilikuwa nimesahau kabisa, lakini alipotaja nikakumbuka hata nilikokuwa nimesimama. Shemeji alinipigia mwezi uleule, kabla ya ile Jumanne, kwa sababu alikuwa amesikia kazini kwetu mishahara imekwama. Aliniuliza moja kwa moja, "Shemeji, mko sawa? Kuna kitu naweza kusaidia?" Nikamwambia, "Tuko sawa kabisa, Mungu ni mwema." Nikatumia jina la Mungu kufunga mlango.

"Mungu ni mwaminifu, ambaye hatawaacha mjaribiwe kupita mwezavyo, lakini pamoja na lile jaribu atafanya na mlango wa kutokea." 1 Wakorintho 10:13. Mwaka mzima nimekuwa nikimlaumu Mungu kimoyomoyo kuhusu mstari huu. Nilikuwa nasema, mlango wangu ulikuwa wapi? Nilitegemea uwe kitu cha ajabu, nguvu fulani itakayonishukia nikiwa nimeshika fedha mkononi. Kumbe ulikuwa simu ya shemeji. Na kabla ya hapo ulikuwa mwenyekiti akiuliza, "Kuna jambo jingine?" Aliuliza kila wiki. Nimejaribu kuhesabu ni mara ngapi nikaacha.

Nimempigia mwenyekiti. Alinyamaza muda mrefu, kisha akasema, "Njoo usiku huu, usingoje Jumapili." Nilikwenda na sanduku, daftari na funguo zote mbili. Tulihesabu pamoja. Ule mstari wa matengenezo ya kinanda niliukata mbele yake, nikaandika juu yake jina langu na kiasi halisi, na chini yake kiasi cha ile mara ya tatu ambacho sikurudisha. Aliusoma, akaweka sahihi pembeni. Kamati itakaa wiki ijayo. Hajaniahidi chochote na sikumwomba aniahidi. Kurudisha kutanichukua miezi mitano, tumepanga na mama watoto. Shemeji ametupa sehemu. Nimepokea. Ilikuwa vigumu kuliko kumweleza mwenyekiti.

Leo asubuhi nilipanda kiti nitoe kitu juu ya kabati nikakuta alama ya sanduku kwenye vumbi, mraba msafi. Nikasimama pale kidogo.

Bibi wa Safu ya Nyuma aliandika:

Nimesoma mwanangu. Nimesoma mara mbili.

Na kijana?

Mweka Hazina aliandika:

Kesho, Bibi. Nimemwomba aje nusu saa kabla ya wengine. Ameuliza kama aje na zana, anadhani tunafungua kinanda. Nimemwambia aje nazo.

Bibi wa Safu ya Nyuma aliandika:

Basi nami kesho nitakwenda kwa binti yangu nimweleze habari ya ile safari ya kwa shangazi yake. Ana miaka 38 sasa. Saa ngapi mnakutana, ili niende saa hiyohiyo?

Mweka Hazina aliandika:

Saa tisa na nusu.